Hati za Jamaa Zinapovuka Bahari

Wazee wa pwani walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wao walikuwa wafanya biashara, na daftari lao lilikuwa la deni na faida. Lakini siku hizi, ambapo watoto wa jamaa zetu wametawanyika mpaka Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Afrika ya Kusini, neno hilo limekuwa la kila nyumba. Mtu aliye ng'ambo hawezi kusimama mwenyewe barazani na kusema, "Ndimi huyu." Inampasa kutuma karatasi iseme kwa ajili yake. Na karatasi haina uso wala sauti. Je, nani ataisadiki?

Twataka leo kueleza jinsi hati inavyoandikwa ng'ambo, jinsi wakubwa wa nchi mbili wanavyoishuhudia, na jinsi inavyopokewa nyumbani. Twataka pia kusema neno ambalo wengi hawalifikiri, yaani kitu ambacho mihuri yote hiyo haiwezi kukifanya. Kazi yetu ni ualimu, si uhakimu. Twaandika kwa sababu mambo haya yaliingia nyumbani mwetu, yakatufundisha.

Nyumba ya Katuba

Baba yetu alifariki dunia Lubumbashi mwaka 2021. Alikuwa mfanyakazi wa reli. Kwa akiba ya miaka mingi alijipatia kiwanja katika komini ya Katuba, akajenga nyumba ya matofali yenye vyumba vinne. Alituacha na mama, watoto watano. Sisi tunaoandika ndio mzaliwa wa kwanza, na wakati ule tulikuwa Liège, katika Ubelgiji, kwa masomo.

Matanga yalipokwisha, baba mdogo aliwakusanya watu wa ukoo. Aliwaambia kwamba nyumba ya ndugu yake ni mali ya ukoo, tena kwamba mnunuzi amekwisha kupatikana na ametoa arbuni. Hatusemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Katika desturi aliyolelewa nayo, mali ya marehemu hurudi kwa ndugu zake, na mjane hurudi kwao. Lakini sheria ya nchi yasema mengine. Kitabu cha Sheria ya Jamaa, cha tarehe 1 Agosti 1987, chawaweka watoto wa marehemu katika daraja la kwanza la warithi, nacho chawapa robo tatu za urithi. Mjane, wazazi na ndugu za marehemu wamo katika daraja la pili. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe.

Basi haki ilikuwapo. Lakini haki isiyo na mtu wa kuisimamia ni kama shamba la mahindi lisilo na mlinzi. Sheria ile ile yasema kwamba, marehemu asipoacha wosia, mkubwa wa warithi ndiye mwenye kazi ya kumaliza mambo ya urithi. Akiiacha kazi hiyo, itashikwa na yule ambaye warithi watamchagua. Na mkubwa wa warithi alikuwa mbali, kilomita 7,000 na zaidi. Jioni moja mama alituambia kwa simu maneno machache tu: "Mwanangu, leo watu wamekuja kupima kiwanja."

Kurudi mara moja hakukuwezekana. Nauli ya ndege ilipita posho yetu ya miezi mitatu, na kibali chetu cha kukaa kilikuwa kikingoja kufanywa upya. Aliyetoka wakati kama huo aliweza kufungiwa mlango nyuma yake. Wala kungoja hakukufaa. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja yaonekana katika cheti cha kuandikishwa, ambacho hutolewa na mtunza hati za viwanja. Jina la mnunuzi likiisha kuingia katika cheti hicho, na miaka miwili ikipita, ni shida kubwa kulitoa. Mtu huambulia labda kudai fedha, lakini nyumba imekwenda.

Watoto wote watano tulisemezana kwa simu usiku mzima. Tukakubaliana kwamba dada yetu wa pili, ambaye ni mwuguzi Lubumbashi, ashike kazi hiyo badala yetu. Ili baraza la hakimu limpokee, ilitupasa kumpelekea hati ya uwakili, ile ambayo watu wa mjini huiita prokurasio.

Mbele ya notere

Mkongomani aliye ng'ambo ana njia mbili za kupata hati ya namna hii. Njia ya kwanza ni ubalozi au konsulati ya nchi yake. Mapatano ya Vienna ya tarehe 24 Aprili 1963 yanasema wazi kwamba konsuli aweza kufanya kazi ya notere kwa ajili ya raia wake, mradi sheria za nchi anamokaa hazikatazi. Njia ya pili ni notere wa nchi ile ya ugeni. Karani wa nyumbani alimwambia dada kwamba wangependelea hati ya notere iliyoshuhudiwa, kwa hiyo tukashika njia ya pili. Hapa twawapa neno la kwanza la kukumbuka: kabla ya kuandika hati yoyote, uliza kwanza ile ofisi itakayoipokea. Ofisi inayoipokea ndiyo inayohukumu kama inafaa, si ile inayoitoa.

Wengine hudhani notere ni karani wa kugonga muhuri tu. Sivyo. Katika Ubelgiji notere huwekwa na mfalme, na sheria ya kazi yake yatoka zamani za Napoleon, tarehe 16 Machi 1803, ingawa imerekebishwa mara nyingi tangu siku hiyo. Kwetu Kongo hati za manotere zina amri yao ya tarehe 9 Juni 1966. Hapa na kule kazi ni moja: notere hutazama ni nani aliye mbele yake, hupima kama mtu huyo anafahamu na anataka kweli, huandika, husoma yaliyoandikwa, kisha mikono hutiwa. Hati iliyofanywa hivyo haiko sawa na barua ya kawaida. Hakimu huiamini mpaka atokee mtu wa kuonyesha kwamba ni ya uwongo.

Notere wetu alikuwa mzee mpole. Alituuliza maulizo matatu: U nani? Wampa nani uwezo? Uwezo gani, na mpaka wapi?

Ulizo la kwanza lilionekana jepesi, kumbe ndilo lililotuchelewesha. Mkongomani ana jina, ana posnomu, ana prenomu. Karatasi za Ubelgiji zina mahali pawili tu, pa jina la ukoo na pa jina la mtu mwenyewe. Kwa hiyo posnomu yetu ilikuwa imehamishwa katika kibali cha kukaa, nayo haikulingana na pasipoti. Na majina ya baba yalikuwa magumu zaidi. Kadi yake ya ubatizo, ya mwaka 1950, ilisema Yosefu, wa Elisabethville. Cheti cha kiwanja cha mwaka 1978 hakikuwa na Yosefu, kwa maana mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo. Mji wenyewe ulikuwa umekwisha kuitwa Lubumbashi tangu 1966. Nchi nayo iliitwa Zaire tangu 1971 mpaka 1997. Mtu ni mmoja, mji ni mmoja, nchi ni moja, lakini karatasi zilikuwa kama za watu wawili wasiojuana.

Dada alikwenda kwenye komini pamoja na wazee wawili waliomjua baba tangu ujana wao, mmoja rafiki wa reli, mwingine jirani. Alipata cheti kinachosema kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Notere akayaandika yote mawili katika hati, na namba ya cheti cha kiwanja chini yake. Kama wazee wale wangekuwa wamekufa, je, nani angalisema?

Ulizo la tatu ndilo kubwa. Watu wengi, kwa haraka au kwa huruma, huandika: "Nampa ndugu yangu uwezo wa kufanya yote." Neno "yote" ni kubwa sana. Ndani yake mna kuuza, mna kuweka rehani, mna kukopa fedha. Sisi tuliandika kwamba dada atatuwakilisha mbele ya hakimu na mbele ya mtunza hati za viwanja, na kwamba atapokea cheti kipya chenye majina ya warithi wote. Tukaandika pia kwamba hawezi kuuza wala kuweka rehani, na kwamba uwezo huo wakoma baada ya mwaka mmoja. Tuliogopa kwamba dada ataona twamshuku. Aliposomewa alicheka, akasema: "Afadhali hivi. Wakija kunisumbua ili niuze, nitawaonyesha karatasi." Ndipo tulipofahamu kwamba mpaka katika hati humlinda hata yule anayepewa uwezo.

Safari ya mihuri

Sasa hati imetiwa mkono Liège. Lakini karani wa Lubumbashi hamjui notere wa Liège. Hajaona mkono wake wala muhuri wake. Atajuaje kwamba ni notere kweli?

Zamani, mgeni alipopita katika nchi za wakubwa mbalimbali, mkubwa wa kijiji alimpa mtu wa kumsindikiza mpaka kijiji cha jirani, na wa huko akampa mwingine. Hakuna aliyemjua mgeni njia nzima. Kila mmoja alimjua jirani yake, na hiyo ilitosha. Hati nayo husafiri vivyo hivyo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Ubelgiji yaujua mkono wa notere, nayo yaushuhudia. Ubalozi wa Kongo ulioko Bruxelles waujua mkono wa Wizara, nao waushuhudia. Na wakubwa wa nyumbani wanaujua muhuri wa ubalozi wao. Ofisi moja ikirukwa, mnyororo umekatika, na hati yarudishwa ilikotoka. Kila hatua ina ada yake na siku zake, basi mtu asifike dirishani mara ya kwanza siku ambayo muda unakwisha.

Siku hizi Wizara ya Ubelgiji huushuhudia mkono kwa njia ya intaneti, kwa ukurasa wenye namba, wala si kwa wino kama zamani. Karani mmoja wa nyumbani alitafuta wino wa Ubelgiji asiuone, akataka kuikataa hati. Dada alitoa simu yake, akaiandika namba ile, ukurasa ukaonekana, na karani akaridhika. Yafaa kumweleza mapema jambo hilo yule atakayeibeba hati.

Wasomaji wengine watauliza: mbona wenzetu wa nchi nyingine hupata karatasi moja tu, na yatosha? Ni kweli. Tarehe 5 Oktoba 1961, huko La Haye, mataifa yalifanya mapatano ya kupunguza taabu hii. Badala ya mihuri ya ofisi nyingi, nchi inayotoa hati huibandika cheti kimoja kiitwacho apostile, mraba wenye upande usiopungua sentimita 9, wenye vifungu kumi vya namba. Ubelgiji imo tangu mwaka 1976. Burundi iliingia mwaka 2015, na Rwanda mwaka 2024. Kongo, mwaka 2024, haikuwa bado imeingia, ndiyo sababu hati zetu zilishika njia ndefu. Tena nchi iliyomo yaweza kumkataa mgeni anayeingia, na hapo apostile haifanyi kazi kati ya hizo mbili. Kwa hiyo hata Mrundi au Mnyarwanda aulize kwanza.

Na hati za Kongo zinazokwenda Ulaya zina safari yao pia. Mtoto aliyezaliwa lazima aandikishwe katika siku 90. Ndivyo ilivyo tangu sheria ya mwaka 2016. Asipoandikishwa, siku atakapohitaji cheti cha kuzaliwa kwa masomo au kwa ndoa, atapelekwa kwanza mbele ya hakimu kupata hukumu badala ya cheti, pamoja na karatasi ya kuonyesha kwamba hakuna aliyeipinga hukumu hiyo. Kisha yote yapelekwa Kinshasa, kwenye Wizara ya Mambo ya Nje, na baadaye kwenye ubalozi wa nchi aendako. Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni kilomita zaidi ya 1,500. Jambo ambalo baba angelimaliza asubuhi moja kwenye komini, mwana atalimaliza kwa miezi na kwa fedha nyingi.

Katika safari hiyo mtu hukutana pia na vijana wasimamao penye mlango wa ofisi, wenye kuahidi mihuri yote kwa saa moja. Nasi tuliwaona, huku na huko. Muhuri wa uwongo haufupishi njia hata kidogo. Hati moja ya uwongo ikijulikana, hata zile za kweli zilizo pamoja nayo hutiliwa shaka, na mwenye nazo aweza kushtakiwa.

Jambo ambalo muhuri hausemi

Tulipoipokea hati yetu yenye ushuhuda wote, tuliisoma tena polepole. Notere alisema: mtu huyu alisimama mbele yangu. Wizara ilisema: huu ni mkono wa notere. Ubalozi ulisema: huu ni muhuri wa Wizara. Hakuna ofisi hata moja iliyosema kwamba jamaa yetu imepatana, au kwamba maneno tuliyoyaleta ni ya haki. Apostile yenyewe ni hivyo hivyo: yathibitisha mkono, cheo cha aliyetia mkono, na muhuri, basi. Kama tungalitaka kuwadhulumu wadogo zetu, karatasi ya dhuluma ingalipita kwenye madirisha yale yale na kupata mihuri ile ile.

Kwa hiyo tulifahamu kwamba ukweli hautoki ofisini. Lazima utoke nyumbani, kabla ya kalamu kushikwa. Ndiyo maana, pamoja na hati ile, tulimwandikia baba mdogo barua kwa mkono wetu, isiyo na muhuri wala ada. Tulimweleza sheria inavyosema, tukamwambia kwamba hatumnyang'anyi heshima yake, tukamwomba aje barazani kama shahidi wa jamaa.

Hakuja. Hakimu alimpokea dada, akamthibitisha katika kazi yake. Mwezi wa Novemba 2022 cheti kipya cha kiwanja kilitoka, chenye majina ya watoto watano, na mama yumo nyumbani mwake mpaka leo. Baba mdogo alimrudishia mnunuzi arbuni yake kwa taabu. Akikutana na mama njiani humwamkia, lakini haingii tena nyumbani. Hati ilifanya kazi yake yote. Kazi iliyobaki ni ya kwenda kuketi na mzee huyo uso kwa uso, na kazi hiyo haifanywi kwa wakili.

Mashauri kwa jamaa

Kwa yule anayejitayarisha kusafiri: fanya hati yako ya uwakili kwa notere wa nyumbani kabla ya kuondoka. Hati iliyofanywa Lubumbashi ili itumike Lubumbashi haivuki bahari wala haihitaji ubalozi. Mpe mtu unayemwamini, weka mpaka, weka muda, na uache nakala kwa mtu wa pili.

Kwa yule aliye ng'ambo tayari: uliza nyumbani ni hati gani inayotakiwa, na maneno gani, kabla ya kumlipa notere. Andika majina kama yalivyo katika pasipoti na katika hati za kiwanja, na yakitofautiana, yaandike yote.

Kwa mabwana na mabibi: andikisheni ndoa yenu kwenye komini. Mahari imetolewa, ndoa imebarikiwa, vema. Lakini siku ya msiba mjane ataulizwa cheti cha Serikali. Andikisheni watoto katika zile siku 90. Wazee wanaojua majina yenu ya zamani, waleteni komini wakingali hai.

Na jambo la mwisho ni rahisi kuliko yote. Karibu kila nyumba ina sanduku chini ya kitanda, lenye kadi za ubatizo, cheti cha kiwanja na karatasi za kazi. Jioni hii, watoto wakiisha kula, baba na mama walifungue pamoja, wasome jina lililoandikwa katika kila karatasi, na waone kama ni jina la mtu mmoja.